Kompyuta mpya ya breki, taa ileile

Hapa Malili, kando ya barabara kuu ya Nairobi–Mombasa, lalamiko hili nalisikia sana: "Fundi, nimebadilisha kompyuta ya breki, mbona taa ya ABS bado inawaka?"

Kabla ya kushika spana, nachomeka skana kwenye soketi ya pini 16 chini ya usukani. Naandika kodi zote za hitilafu, nazifuta, kisha tunaendesha gari kidogo. Zisizorudi zilikuwa kumbukumbu tu. Inayorudi ndiyo ya kufuatilia.

Kwenye Toyota, C1210 au C1336 humaanisha sensa ya kupinda kwa gari (yaw) au ya mchapuko haijasawazishwa na kompyuta mpya. Gari huegeshwa mahali tambarare, usukani ukiwa umenyooka, bila kutikisika, na skana humaliza kazi. Hakuna kipuri cha kununua.

C0200 ni habari nyingine: sensa ya gurudumu la mbele kulia. Tukienda kilomita 20 kwa saa, magurudumu matatu husoma 20, hilo moja sifuri. Nakagua waya, plagi, kisha beringi. Beringi nyingi za kisasa zina upande wenye sumaku unaofanana na sili ya kawaida; ukiugeuza, sensa haisomi kitu.

Betri nayo ipimwe, kwani volti zikipungua C1241 hujitokeza.

Taa nyekundu ya breki ikiwaka pamoja na ya ABS, usiendeshe. Na kabla ya kulipia kipuri kingine, muulize fundi wako: ni kodi gani iliyorudi?