Herufi Mbili, Maana Tano

Ndugu msomaji, je, umepata kukitazama kwa makini cheti cha dawa ulichoandikiwa na daktari? Huenda uliziona humo herufi OD. Hicho ni kifupisho cha maneno ya Kilatini, omni die, yaani kila siku; nayo maana yake ni kuwa dawa hiyo hutumiwa mara moja tu kwa siku.

Lakini daktari wa macho aandikapo OD hukusudia oculus dexter, Kilatini pia, yaani jicho la kulia. Fundi wa mabomba huelewa kipenyo cha nje cha bomba. Karani wa benki huelewa kuwa mteja ametoa fedha kupita akiba yake. Na wauguzi wasemao Kiingereza humaanisha mtu aliyezidisha dawa hata akahatarisha maisha.

Kila mmoja hakosei katika kazi yake. Hatari huanza kifupisho kinapotoka chumba kimoja kuingia kingine. Huko Marekani, taasisi ya usalama wa dawa iitwayo ISMP imekiweka OD katika orodha ya vifupisho viletavyo makosa, kwani dawa ya maji ya kunywa huweza kutiwa jichoni.

Basi, msomaji, usione haya dirishani pa dawa. Uliza: "Hii ni ya kunywa au ya kutia? Kiasi gani? Mara ngapi kwa siku?" Majibu yaandikwe kwa Kiswahili juu ya bahasha, ili yeyote atakayemwuguza mgonjwa nyumbani ayasome. Kuuliza si ujinga.