Redio za Babu: Faida kwa Mzee, Tahadhari kwa Mtoto

Leo tunazungumza juu ya jambo ambalo huenda liko nyumbani kwako. Mzee amestaafu, amerudi shambani, na sasa meza yake imejaa redio kuukuu, nyaya na betri. Huenda umeshasema, "Hizi takataka nitazitupa." Tafadhali ngoja kwanza.

Tangu 2009, wafanyakazi wengi wa serikali ya Kenya hustaafu wakiwa na miaka 60. Jana mtu alikuwa na ofisi na wenzake. Leo anaketi chini ya mti akingoja chai. Wazee wa namna hii tunawaona kliniki: hawalali vizuri, hawataki kula, hukasirika upesi. Mwaka 2025 Shirika la Afya Duniani lilitoa ripoti kwamba mtu 1 kati ya 6 duniani anasumbuliwa na upweke, na kwamba upweke huongeza hatari ya kiharusi, ugonjwa wa moyo na kusahausahau. Kwa hiyo mzee akipata kitu cha kumwamsha asubuhi kwa furaha, hiyo ni afya.

Je, redio ina nini cha pekee? Baadhi ya wazee wetu walijifunza kazi hii katika polisi, reli, au lile Shirika la Posta na Simu lililogawanywa 1999. Wengine walikuwa na redio za ridhaa. Hizi si za kupiga muziki kama FM. Ni za mtu kuzungumza na mwenzake kwa mapenzi tu, bila malipo. Mawimbi mafupi hupanda juu sana angani, yakagonga tabaka la hewa yenye chembe za umeme, yakarudi chini mbali. Hali ya anga ikiwa nzuri, chombo cha wati 100, nguvu ya balbu moja ya zamani, chaweza kufikisha sauti Ulaya.

Kurusha sauti hewani kunahitaji leseni ya Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya. Mwenye leseni hupewa alama ya kujitambulisha. Nyingi za Kenya huanza na 5Z4. Chama cha wapenzi wa redio hizi huitwa Amateur Radio Society of Kenya. Mzee akirudia kazi hii, anasikiliza, anaandika saa na majina daftarini, na anapata marafiki. Akili yake inafanya kazi na hayuko peke yake.

Sasa tuje kwa mtoto. Meza ile ile inayomponya babu yaweza kumdhuru mjukuu kwa njia tatu.

Ya kwanza ni betri ndogo za duara, zinazofanana na sarafu. Ikikwama kooni, betri hiyo hutoa umeme kwenye unyevu na kuunguza nyama kwa muda wa saa 2 tu. Dalili ni mate mengi, kikohozi, kutapika au kukataa kula. Lakini mtoto mwingine haonyeshi dalili yoyote. Ukishuku tu, nenda mara moja katika hospitali yenye eksirei. Usimtapishe. Usimpe chakula wala maji. Kama ametimiza mwaka 1, anaweza kumeza, na hazijapita saa 12, mpe asali vijiko 2 vya chai kila dakika 10 mkiwa njiani, isizidi mara 6. Huna asali? Usiitafute, nenda. Mtoto wa chini ya mwaka 1 asipewe asali kamwe. Betri ikiwa puani au sikioni, usitie dawa yoyote. Hiyo pia ni dharura.

Ya pili ni lehemu, ule waya laini unaoyeyushwa kuunganisha nyaya. Lehemu ya zamani ina madini ya risasi. Hayo huharibu ubongo wa mtoto hata yakiwa kidogo, na humfikia mtoto aliye tumboni. Yanaingia hasa kwa mkono kwenda mdomoni. Basi mzee asilehemu jikoni wala kwenye meza ya chakula. Afungue dirisha, kwa sababu moshi wake huamsha pumu. Apanguse meza kwa kitambaa chenye maji, asifagie vumbi likaruka. Anawe kwa sabuni kabla ya kula au kumbeba mtoto. Mjamzito asikae hapo. Wape watoto maziwa, omena, kunde na mboga za kienyeji. Mtoto mwenye madini ya chuma na kalisi ya kutosha hufyonza risasi kidogo.

Ya tatu ni eriali. Sote twajua radi za alasiri za huku Kakamega. Wingu likianza kunguruma, mzee aache redio na watoto wakae mbali na waya wake. Eriali ichomolewe mapema, kabla mvua haijakaribia. Radi ikishaanza, isiguswe. Na isiwekwe kamwe karibu na nyaya za stima. Ikiziangukia, anayeishika anaweza kufa papo hapo.

Utamwambiaje mzee? Kwa heshima. Usimgombeze mbele ya wajukuu. Kama wewe ni mke wa mwanawe na mila haikuruhusu kumkabili, mtume mume wako au kukhu. Neno liwe hili: "Baba, kazi yako tunaipenda. Tukutafutie chumba chenye mlango na kufuli, na mkebe wenye kifuniko kigumu wa kuweka betri, hata zilizokwisha." Betri iliyokwisha bado huunguza. Mjukuu mkubwa anaweza kukaa naye na kujifunza. Yule anayetambaa abaki nje.

Basi leo jioni, kabla ya kulala, piga magoti uangalie chini ya meza ya babu. Kila betri utakayoiona sakafuni iokote, kwa maana mtoto anayetambaa ataiona kabla yako.