Aliacha vitenge, akaingia kazi ya kamiyo

Mama huyu wa Butembo (jina tunaliacha, sababu ya usalama) alikuwa anauza vitenge. Leo ni yeye anapanga kamiyo zinazobeba kakao ya kooperative kutoka Beni hadi Kasindi, kwenye mpaka wa Uganda, kilometa karibu 80. Shoferi wa kwanza alimuuliza bwana yake yuko wapi. Akamwambia apakie kwanza.

Kazi si kuendesha. Ni kupima kila mufuko mbele ya mwanamemba, kuandika kilo kwenye bordero, kukagua turubai, maana kakao ikilowa inaota ukungu na bei inaanguka. Tena kila asubuhi anauliza habari za barabara. Kukiwa hatari, kamiyo inabaki Beni, hata munuuzi akasirike.

Wamama wengi bado wanaamini hawawezi kutia sahihi mkataba bila ruhusa ya bwana. Hiyo ilikuwa sheria ya 1987. Sheria namba 16/008 ya tarehe 15 Julai 2016 iliibadilisha: sasa bwana na bibi wanapatana, sawasawa wote wawili. Yeye walipatana nyumbani, kisha akatia sahihi yake mwenyewe mbele ya mwenye kamiyo.