Maziwa ya Buna na Tumbo la Mgeni

Ukifika Buna, kaskazini mwa Wajir, utakaribishwa maziwa ya ngamia. Mwenyeji anamaliza bakuli; wewe, mtoto wa mjini, tumbo linanguruma na unaharisha. Huenda si uchafu.

Maziwa yana sukari iitwayo laktosi. Kimeng'enya cha laktesi, katika utumbo mwembamba, huikata vipande viwili iingie katika damu. Kwa watu wengi hupungua baada ya utoto. Sukari isiyokatwa huteremka utumbo mpana, ikavuta maji na kufanya gesi.

Utafiti wa 2007 ulionyesha kuwa baadhi ya wafugaji wa Kenya, Tanzania na Sudan wamerithi uwezo wa kutengeneza laktesi hata ukubwani.

Wewe jaribu susa, maziwa yaliyochachuka: bakteria wamekwisha kula sehemu ya sukari. Ila ukiona homa au damu, wahi zahanati.