Likizo ya mvinyo na maakuli: Panga safari ya Toscana bila kuhatarisha afya

WATU wengi wakitaja likizo ya ng'ambo, hufikiria miji mikubwa, maduka na picha za kuwaonyesha jamaa wakirudi. Lakini ipo likizo ya aina nyingine, inayomfaa zaidi mtu aliyechoka: kukaa shambani, katika nchi ya mbali, siku ukizipima kwa chakula cha mchana na cha jioni.

Tatizo ni kwamba mara nyingi anayeweza kumudu gharama ya safari kama hiyo ni mtu aliyepita umri wa miaka 50, na mkobani mwake mna dawa za presha au za kisukari. Kwake, wiki nzima ya nyama, jibini na mvinyo bila mpango wowote si mapumziko. Anaweza kuimalizia hospitalini, tena mbele ya daktari asiyejua Kiswahili wala Kiingereza.

Tuchukue mfano wa Chianti, eneo la vilima lililo kati ya miji ya Firenze na Siena katika jimbo la Toscana, Italia. Kwa Mkenya, Waitaliano si wageni. Malindi wamekaa miaka mingi, na lile kanisa dogo lililo kando ya barabara ya Mai Mahiu lilijengwa na mateka wa Kiitaliano wakati wa Vita vya Pili vya Dunia. Hata hivyo, anayedhani kwamba piza na pasta za hoteli za pwani ndicho chakula cha mkulima wa Chianti atashangaa sana.

Jambo la kwanza la kuamua ni mahali pa kulala, na shauri letu ni kuchagua mahali pamoja tu. Barabara ya Chiantigiana inayounganisha Firenze na Siena ina urefu wa kilomita 70 hivi, na vijiji vyake, kama Greve, Panzano, Castellina na Radda, vimekaribiana. Hakuna sababu ya kuhamahama na masanduku. Nchini Italia kuna mashamba yanayopokea wageni, yaitwayo agriturismo, ambayo sheria inamtaka mwenyewe aendelee kulima na kufuga. Mengi hukodisha nyumba yenye jiko kwa wiki nzima. Jiko hilo ni muhimu kwa mgonjwa, kwani siku mbili au tatu utajipikia mwenyewe na kujua umetia chumvi kiasi gani.

Kuhusu wakati, epuka Agosti. Joto huwa kali, bei hupanda, na kufikia tarehe 15, ambayo ni sikukuu kubwa ya Waitaliano, mikahawa mingi huwa imefungwa. Mei na Juni ni miezi mizuri. Septemba na mwanzo wa Oktoba ndio wakati wa kuvuna zabibu, na kuanzia mwisho wa Oktoba hadi Novemba zeituni hukamuliwa, ukaonja mafuta mapya yanayowasha kooni.

Sasa tuje kwenye chakula chenyewe. Waitaliano wa majimbo mengine huwatania watu wa Toscana kwa kuwaita wala maharagwe, na utani huo una ukweli. Chakula cha kila siku cha mashambani hapo kilikuwa maharagwe, mboga, mkate na mafuta ya zeituni. Supu yao mashuhuri, ribollita, maana yake ni "iliyochemshwa tena": ni maharagwe, mboga na mkate wa jana vikirudishwa motoni, jambo ambalo mtu aliyelelewa kwa githeri iliyolala hahitaji kuelezwa. Mboga yake kuu, yenye majani ya kijani yanayokaribia weusi, huitwa cavolo nero, nayo ni ndugu wa damu wa sukuma wiki. Zote mbili ni aina za mmea mmoja, Brassica oleracea.

Mkate wa jadi wa huko hautiwi chumvi. Mgeni akiuma mara ya kwanza hudhani mwokaji amesahau. Kwa mwenye presha hii ni habari njema, mradi tu akumbuke kwamba mkate huo hauna chumvi lakini vitu vinavyowekwa juu yake vinayo tele: jibini ya kondoo na nyama ya nguruwe iliyokaushwa kwa chumvi. Msomaji asiyekula nguruwe naye aulize kila mara kabla ya kuagiza, kwa sababu mafuta au vipande vya nyama hiyo huweza kuwa ndani ya supu ya maharagwe bila kuonekana.

Mtaalamu wa Marekani, Ancel Keys, aliyeanzisha utafiti wa magonjwa ya moyo katika nchi saba mnamo 1958, alivisifu vyakula vya aina hii. Baadaye alihamia kijiji cha Pioppi, kusini mwa Italia, na akafariki mwaka 2004 akiwa na miaka 100. Wanaotangaza safari hulitumia jina lake kama kwamba kila kinacholiwa Italia ni dawa. Sivyo. Alichokisifu ni chakula cha mkulima maskini aliyekula nyama kwa nadra na kushinda shambani akilima. Mgeni hufanya kinyume: hula kila siku kile ambacho mwenyeji alikula siku ya arusi, kisha hurudi kwenye gari.

Mfano ni bistecca, nyama ya ng'ombe yenye mfupa. Huuzwa kwa uzani kama tunavyonunua nyama choma, na kipande kimoja mara nyingi huzidi kilo moja. Huchomwa juu ya makaa na kuletwa mezani ikiwa bado nyekundu ndani. (Ukimwomba mpishi airudishe motoni atanuna, lakini mama mjamzito asiile ikiwa mbichi, anune asinune.) Ile mara moja katika wiki, mgawane watu watatu au wanne, na siku nyingine rudi kwenye maharagwe. Aidha, usiogope ile orodha ndefu ya vyakula ambayo huanza na vitangulizi, ikaja pasta, kisha nyama, mboga na vitu vitamu. Hakuna anayekulazimisha kupita vituo vyote. Pasta na sahani ya mboga ni mlo kamili.

Mikahawa ya vijijini hupika chakula cha mchana kuanzia saa sita na nusu hadi kama saa nane na nusu, kisha hufunga mpaka jioni, saa moja na nusu. Mwenye kisukari asiyejua hivyo hujikuta saa kumi alasiri, dawa ameshakunywa, na kila mlango umefungwa. Weka matunda na mkate mkobani.

Mvinyo wa Chianti una historia ndefu. Mnamo 1716 mtawala wa Toscana, Cosimo III wa ukoo wa Medici, alitangaza mipaka ya eneo lililoruhusiwa kuutengeneza. Chupa za Chianti Classico, ambazo lazima ziwe na asilimia 80 au zaidi ya zabibu ziitwazo Sangiovese, hubeba alama ya jogoo mweusi. Hadithi husema kwamba Firenze na Siena zilikubaliana kumaliza ugomvi wa mpaka kwa wapanda farasi wawili kuondoka jogoo akiwika. Watu wa Firenze walimnyima jogoo wao chakula. Kwa njaa akawika usiku wa manane, na mpandaji wao akanyakua karibu eneo lote.

Hadithi ni tamu, lakini alkoholi ni alkoholi. Mwaka 1991 kipindi cha televisheni cha Marekani, 60 Minutes, kilieneza wazo kwamba mvinyo mwekundu huwalinda Wafaransa na magonjwa ya moyo, na mauzo yakapanda. Wataalamu wa leo hawasemi hivyo. Mnamo Januari 2023 Shirika la Afya Duniani lilitamka kwamba hakuna kiwango cha pombe kisichokuwa na hatari kwa afya. Kwa hivyo asiyekunywa asianze kwa sababu ya safari. Mashamba mengi huonjesha mafuta ya zeituni pia, na mafuta hayahitaji dereva.

Anayekunywa na afanye hesabu. Glasi ya mililita 150 ya mvinyo wenye alkoholi ya asilimia 13 ina gramu 15 hivi za alkoholi. Ini huondoa gramu 8 hadi 10 kwa saa, kwa hivyo glasi moja huchukua saa moja na nusu au hata mbili kutoka mwilini. Shambani utaonjeshwa pengine aina nne. Zikiwa mililita 50 kila moja umekwisha kupita glasi moja, na bado hujafika mezani. Watu wa kazi hiyo huonja na kutema kwenye chombo kilichowekwa hapo, na hakuna atakayekucheka ukifanya vivyo hivyo. Shamba moja kwa siku latosha.

Sheria ya Italia humruhusu dereva gramu 0.5 za alkoholi kwa lita moja ya damu, na aliyepata leseni chini ya miaka mitatu iliyopita haruhusiwi hata tone. Ongeza kwamba huko magari hupita mkono wa kulia, na barabara za vilimani zimejaa kona. Amueni nani ataendesha kabla ya kutoka nyumbani, wala si baada ya glasi ya pili. Dereva abebe pia kibali cha kimataifa cha kuendesha gari. Wasiotaka gari watapata basi kutoka Firenze hadi Greve, mwendo wa saa moja hivi, na Jumamosi asubuhi watalikuta soko kwenye uwanja wa mji.

Kabla ya haya yote, mwone daktari wako mwezi mmoja au zaidi kabla ya kusafiri. Mwulize waziwazi kama dawa zako zinapatana na pombe. Insulini na baadhi ya vidonge vya kisukari, vikikutana na mvinyo katika tumbo tupu, huweza kushusha sukari mpaka mtu azimie, na waliomzunguka wakadhani amelewa. Baadhi ya dawa za presha nazo huleta kizunguzungu zikichanganywa na pombe.

Omba barua yenye majina halisi ya dawa, wala si majina ya kampuni pekee. Beba dawa za kutosha na za akiba, kwenye mkoba unaoingia nao ndani ya ndege. Insulini isiwekwe kwenye sanduku la mizigo, kwani huweza kuganda. Saa si tatizo: Italia iko nyuma yetu kwa saa moja majira ya joto na saa mbili majira ya baridi.

Ubalozi utakudai bima ya matibabu isiyopungua euro 30,000, lakini wewe soma maandishi madogo ujue kama inagharamia ugonjwa uliokuwa nao kabla ya safari. Ndani ya ndege, inuka utembee. Utafiti wa Shirika la Afya Duniani uliotolewa 2007 ulionyesha kwamba kukaa safarini saa nne au zaidi huongeza karibu maradufu uwezekano wa damu kuganda kwenye mishipa. Ukifika, tambua duka la dawa kwa msalaba wa kijani, na kumbuka nambari ya dharura, 112.

Ukitaka kumbukumbu ya kurudi nayo, chukua mafuta ya zeituni. Chupa huenda isiruhusiwe mkononi ndani ya ndege, kwa hivyo ifunge kwa nguo katikati ya sanduku. Ukifika nyumbani iweke mahali pa giza na uyatumie katika miezi michache. Mafuta hayaongezeki utamu kwa kukaa kama mvinyo.