"Unatoka wapi?" kwa Kifaransa: usijichanganye

Wadau, ukienda Bujumbura au Kinshasa kutafuta maisha, swali hili litakukuta mapema: "D'où venez-vous?" Yaani unatoka wapi?

Kwa Kifaransa nchi nazo zina jinsia. Tanzania ni ya kike, kwa hiyo mimi nasema "Je viens de Tanzanie". Kenya, Rwanda na Burundi ni za kiume: "Je viens du Kenya". Komoro ni wingi: "Je viens des Comores".

Uraia ni habari nyingine. Mimi mwanaume nasema "Je suis tanzanien", dada yangu "Je suis tanzanienne". Wakenya: kenyan, kenyane. Warundi: burundais, burundaise.

Mtego uko kwenye fomu. Ukiona "Nationalité", hata mwanaume anajaza "tanzanienne", maana neno nationalité lenyewe ni la kike. Usicheke! Pasipoti ya mwanaume Mfaransa nayo inasema "Française".

Kubwa kuliko yote: "Je viens du Congo" siyo lazima uwe raia wa Kongo. Huenda umetokea huko tu. Mtu mwenye asili ya Bukavu lakini raia wa Tanzania aseme hivi: "Je suis tanzanien, originaire de Bukavu". Akiishia "Je viens du Congo" mpakani, mdomo unasema hivi, pasipoti inasema vile, na hapo maswali ndo yanaanza.

Haya, we ungejibuje?