Foleni ya Kliniki Inahesabika

Siku ya kliniki ya wajawazito, mabenchi ya zahanati nyingi za Masasi na Newala, mkoani Mtwara, hujaa kabla muuguzi hajafungua mlango. Kadi ya mama ina tarehe ya kurudi, lakini haina saa. Anayewahi ndiye anayehudumiwa mwanzo, basi wote huwahi.

Utafiti uliochapishwa mwaka 2006 ulipima muda wa huduma hii Mtwara mjini. Mama wa hudhurio la kwanza alichukua wastani wa dakika 15, wa marudio dakika 9. Tuchukue mfano wa zahanati yenye muuguzi mmoja na akina mama 24: wapya sita, wa marudio 18. Kazi yote ni dakika 252. Wakifika wote saa 2 asubuhi, kila mmoja atasubiri kwa wastani karibu saa mbili. Tukiwagawa makundi mawili yanayolingana, moja lije saa 2 na jingine saa 4, wastani unashuka hadi kama saa moja. Muuguzi anamaliza kazi saa 6 na dakika 12 mchana, vilevile kama mwanzo. Hakuongezewa mzigo wowote, na mama mwenye mimba ya miezi minane amepunguziwa saa nzima ya kukaa kwenye benchi.

Hadi hapo kalamu na karatasi zinatosha. Kompyuta inahitajika kwa sababu siku halisi haifuati wastani. Mama mmoja ana shinikizo la damu na anahitaji nusu saa. Katikati ya asubuhi analetwa mwingine ana uchungu, na muuguzi yuleyule anaacha kliniki akazalishe. Modeli ya kompyuta huigiza siku hiyo mara elfu moja, kila mara ikibahatisha nani anafika lini na nani anachukua muda gani, kisha inaonyesha foleni inakuwaje siku nzuri na siku mbaya. Mpango mbovu unagundulika kwenye skrini, kabla haujamtesa mgonjwa yeyote. Wazo lenyewe si geni: mtakwimu Norman Bailey alikokotoa foleni za wagonjwa wa nje Uingereza mwaka 1952, akapendekeza wawili waitwe mwanzoni, kisha mmoja mmoja kwa muda unaolingana na wastani wa huduma.

Pendekezo la Bailey lisihamishiwe Newala lilivyo. Mama anayepanda mteremko kutoka bonde la Ruvuma, au anayengoja bodaboda wakati wa masika, hawezi kuahidi kufika saa 4 na dakika 20. Ninaamini miadi ya huku iwe ya vipindi vipana, ipangwe kwa vijiji, wa mbali wapewe kipindi cha pili. Tena kipindi kiheshimiwe: aliyeambiwa saa 4 akikuta waliokuja alfajiri wametangulizwa, safari ijayo naye atakuja alfajiri, na mpango umekufa.

Takwimu za kulisha modeli hazina gharama kubwa. Vitabu vya MTUHA, yaani mfumo wa taarifa za huduma za afya, vinatoa idadi ya waliohudhuria. Kinachokosekana ni saa. Mtu mmoja mwenye saa na daftari, akiandika kila mama amefika lini, ameingia lini na ametoka lini kwa wiki chache, anatosha kuanzia. Programu za kuundia modeli, kama R na Python, ni za bure.

Kuna foleni ambazo ratiba haiziwezi, na hapa ndipo modeli inapomfaa zaidi mganga mfawidhi. Utafiti uleule ulikadiria kwamba huduma kamili kwa mwongozo wa wakati ule ingehitaji dakika 46 kwa hudhurio la kwanza na 36 kwa marudio. Kwa akina mama wetu 24, hizo ni dakika 924, zaidi ya saa 15 za muuguzi mmoja kwa siku moja. Tangu 2016 Shirika la Afya Duniani linapendekeza mahudhurio manane badala ya manne ya awali, jambo linaloongeza mzigo huo. Ukiwapanga akina mama hao kwa vipindi viwili, vitatu au vinne, saa 15 zinabaki 15. Hesabu hiyo ndiyo ya kupeleka halmashauri pamoja na ombi la muuguzi wa pili.